Waliolipia Njia ya Angani

Mnamo mwaka wa 1903 jarida moja la elimu lililokuwa likipigwa chapa nchini Urusi lilitoa makala ndefu, iliyojaa hesabu na alama za aljebra, iliyoeleza jinsi chombo kinachosukumwa kwa moto wa roketi kinavyoweza kuiacha ardhi, kikazipenya tabaka zote za hewa, na kufika mahali pasipo na hewa kabisa. Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji wa Kaluga, ulio kusini-magharibi ya Moscow, jina lake Konstantin Tsiolkovsky. Naye alikuwa mtu asiyesikia vizuri tangu utotoni, alipopatwa na homa kali akiwa na umri wa miaka kumi hivi, na kwa sababu ya uziwi huo alikosa kuendelea na skuli pamoja na wenzake, ikambidi ajisomeshe mwenyewe, kwanza kwa vitabu vya babaye, kisha katika maktaba ya Moscow, alikoishi kwa mkate na maji ili fedha kidogo alizopelekewa kutoka nyumbani azitumie kununulia vitabu na dawa za majaribio. Waliomsoma mwaka ule walikuwa wachache, na waliomfahamu wakawa wachache zaidi.

Waandishi wa tarehe ya safari za angani aghalabu huanza na mwalimu huyu, nami sioni sababu ya kuivunja desturi yao. Lakini kadiri nilivyoisoma tarehe hiyo ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba swali la nani aliyebuni, ambalo mataifa makubwa yameligombania sana, halina uzito kama swali la nani aliyetoa fedha. Maana wabunifu walikuwapo mapema, hawakuwa haba, na wale watatu wanaotajwa kuliko wote walikuwa walimu, ilhali roketi ni kitu kisichojengwa kwa mshahara wa mwalimu.

Roketi yenyewe ni ya kale, na tangu asili yake haikuachana na vita. Wachina, waliokuwa wa kwanza kuijua baruti, walikuwa wakitumia mishale ya moto dhidi ya Wamongolia katika karne ya 13, na elimu hiyo ikaenea hata ikawafikia Waarabu na Wazungu. Mahali ilipotiwa ustadi mkubwa ni Mysore, kusini ya Bara Hindi, ambako Haidar Ali na mwanawe Tipu Sultan waliishindilia baruti katika mirija ya chuma, na kwa kuwa chuma huhimili mbano mkubwa wa moto, roketi zao zikaruka mbali kuliko zilizojulikana Ulaya zama hizo. Waingereza walizionja pale Pollilur mwaka wa 1780, waliposhindwa vibaya. Na baada ya Tipu kuuawa mji wake wa Srirangapatna ulipoanguka mwaka wa 1799, baadhi ya silaha hizo zilichukuliwa mpaka Woolwich, William Congreve akaziiga na kuzitengeneza upya, hata mwaka wa 1807 sehemu kubwa ya mji wa Copenhagen ikaungua kwa mizinga na roketi za Uingereza. Baadaye mizinga ikapata shabaha nzuri zaidi, na roketi ikashushwa cheo: ikabaki kuwa ishara ya meli iliyo taabani baharini, na fashifashi za sikukuu.

Kanuni inayoiendesha ni nyepesi. Mtu aliyesimama ndani ya kihori kisichofungwa, akitupa jiwe zito kwa nguvu upande wa tezi, kihori husogea upande wa omo. Wala si kwa sababu jiwe limeyapiga maji, ila ni kwa kule kutupwa kwenyewe. Roketi hutupa gesi za moto, na maadamu haihitaji kuegemea kitu chochote cha nje, hufanya kazi penye hewa na pasipo hewa, tena pasipo hewa huenda vizuri zaidi. Tsiolkovsky aliipigia hesabu kadhia hiyo, akapata kanuni inayofungamanisha mambo matatu: kasi ya gesi zinapotoka, uzito wa chombo kikiwa kimejaa mafuta, na uzito wake mafuta yakiisha. Hesabu hiyo haina huruma. Ili chombo kiizunguke dunia bila ya kuanguka chahitaji mwendo wa karibu kilomita 8 kwa kila sekunde moja, na baruti ya zama zake haikukaribia hata kidogo kutoa nguvu hiyo. Kwa hiyo alipendekeza haidrojeni na oksijeni zilizopozwa kwa baridi kali hata zikawa maji, na katika maandishi yake ya baadaye akaeleza habari za roketi zilizofungamanishwa pamoja, ambazo kila moja ikimaliza mafuta yake huachwa ianguke, ili zinazobaki zisichukue mzigo wa bure. Ndivyo ifanyikavyo hata leo. Yeye mwenyewe hakurusha roketi hata moja. Hakuwa na cha kuirushia.

Mwalimu wa pili alikuwa Mmarekani, Robert Goddard, aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Clark, mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, naye alizifikia hesabu zile zile pasipo kuzisoma za Mrusi. Yeye alibahatika kupata msaada: mwaka wa 1917 taasisi ya Smithsonian ilimkubalia dola 5,000, na baadaye ikapiga chapa risala yake juu ya njia ya kufikia vimo vya juu mno. Katika risala hiyo mlikuwa na kipande kifupi kilichosema kwamba roketi yaweza kufikishwa mwezini na kulipua huko unga wa kumulika, ili watu wauone mwali wake kwa darubini. Magazeti hayakutaka kusoma zaidi ya hapo. New York Times, katika tahariri ya tarehe 13 Januari 1920, lilimsuta profesa kuwa hajui hata yale wafundishwayo watoto wa skuli, likidai kwamba roketi haiwezi kwenda pasipo hewa kwa kuwa huko hapana kitu cha kusukumana nacho. Asiyejua alikuwa mwandishi wa tahariri, na gazeti lilisahihisha kosa hilo mwezi Julai 1969, watu wakiwa wamo njiani kuelekea mwezini, ilhali Goddard alikwisha kufa miaka 24 nyuma. Fedheha ile ilimzidishia tabia ya usiri aliyokuwa nayo, akafanya kazi kwa kujificha na wanazuoni wenzake. Na usiri huo, kwa maoni yangu, uliidhuru elimu kuliko dhihaka ya gazeti.

Tarehe 16 Machi 1926, ardhi ikiwa bado ina theluji, alikwenda kwenye shamba la mwanamke mmoja jamaa yake, huko Auburn, pamoja na mkewe Esther na wasaidizi wawili. Chombo walichokisimamisha hakikufanana na roketi tuzionazo katika picha: kilikuwa kiunzi cha mabomba membamba chenye kimo cha mita 3 hivi, chumba cha moto kikiwa juu na matangi ya petroli na oksijeni yakiwa chini yake, uzito wote ukiwa haukutimu kilo 5. Goddard aliuweka moto juu kwa kudhani kwamba chombo kivutwacho kutoka juu kitakwenda wima kuliko kisukumwacho kutoka chini. Dhana hiyo haikuwa sahihi, naye aliiacha. Msaidizi mmoja akakiwasha kwa taa ya moto iliyofungwa kwenye ncha ya ufito mrefu. Moto ukavuma, chombo kisiondoke. Kikakaa pale pale kikinguruma, mafuta yakipungua na uzito ukipungua, mpaka nguvu ya moto ilipouzidi uzito, ndipo kikainuka kutoka pale kiliposimamishwa, kikaruka kwa muda wa sekunde mbili na nusu, kikafika kimo cha mita 12 na ushei, kikaanguka katika bustani ya kabichi, mita 56 kutoka kilipoanzia. Esther alikuwa ameshika kamera ya sinema, lakini ilikuwa kamera ya kutiwa ufunguo, iliyozunguka kwa sekunde saba tu kisha ikasimama, na sekunde hizo zikaisha chombo kingali kinanguruma chini. Kwa hiyo safari ya kwanza duniani ya roketi ya mafuta ya maji haina picha. Iliyopo ni ya Goddard amesimama kando ya kiunzi, amevaa koti zito na kofia, kabla ya moto kuwashwa.

Baadaye tajiri Guggenheim, aliyeshauriwa na rubani Charles Lindbergh, alimpa fedha za kutosha kuhamia Roswell, katika jangwa la New Mexico, ambako roketi zake zilipanda zaidi ya kilomita 2. Miaka hiyo jeshi la nchi yake halikumjali sana.

Wa tatu, Hermann Oberth, alizaliwa mwaka wa 1894 huko Transylvania, miongoni mwa Wajerumani wa nchi ambayo leo ni Romania. Tasnifu yake juu ya roketi ilikataliwa Heidelberg. Hakuandika nyingine, bali aliichapisha kwa juhudi zake mwenyewe mwaka wa 1923, kijitabu kisichofika kurasa 100, akarudi kwao kufundisha skuli. Kijitabu hicho kiliwashika vijana wa Ujerumani wasilale, wakaanzisha chama chao mwaka wa 1927. Na mwaka wa 1929 Fritz Lang alipotengeneza filamu ya safari ya mwezini, Oberth akiwa mshauri wake, watazamaji waliona roketi ikihesabiwa kinyumenyume mpaka sufuri kabla ya kuondoka, jambo ambalo Lang aliliweka ili kuwatia watu hamu, na ambalo wahandisi walikuja kulichukua kwa kuwa liliwafaa. Vijana wale, Wernher von Braun akiwa mmojawapo, walipewa uwanja uliotelekezwa kando ya Berlin, uliokuwa ghala ya silaha, wakafanya majaribio yao humo kwa vyuma vya kuombaomba.

Hapo ndipo fedha zilipokuja, nazo zilikuja zimevaa sare. Mkataba wa Versailles uliwabana Wajerumani wasiwe na mizinga mikubwa, lakini walioupanga hawakuitaja roketi, kwa kuwa mwaka wa 1919 hapakuwa na aliyeihesabu kuwa silaha yenye maana. Maofisa wa jeshi wakauona mwanya huo. Mwaka wa 1932 von Braun, kijana wa miaka 20, akaingia katika kazi ya jeshi, na kuanzia mwaka wa 1937 yeye na wenziwe wakawa na mji mzima wa maabara na viwanda huko Peenemünde, katika kisiwa cha Usedom, pwani ya bahari ya Baltiki, ambako kazi iliyowashinda walimu mmoja mmoja ilifanywa na maelfu ya watu. Tarehe 3 Oktoba 1942 roketi yao, yenye urefu wa mita 14 na uzito wa zaidi ya tani 12, ilipanda zaidi ya kilomita 80, ikaanguka baharini umbali wa kilomita 190. Ilichoma spiriti iliyotengenezwa kwa viazi pamoja na oksijeni, na kwa kuwa mafuta yaliyotakiwa kila sekunde yalikuwa mengi mno kuweza kusukumwa kwa mbano wa tangi peke yake, ilitiwa pampu iliyozungushwa kwa mvuke wa peroksidi ya haidrojeni. Mtu akiniuliza ni kifaa gani kilichoitoa roketi katika bustani ya kabichi na kuifikisha kwenye mpaka wa anga, nitamwonyesha pampu hiyo.

Ulimwengu uliijua kwa jina la V-2. Ilianza kuwaangukia watu wa Paris na London tarehe 8 Septemba 1944, ikienda kwa kasi kuliko sauti, hata mlipuko ukasikika kwanza na mvumo wake baadaye. Lakini mauti yake hayakuwa huko tu. Baada ya ndege za Uingereza kuipiga Peenemünde kwa mabomu mwezi Agosti 1943, kiwanda kilihamishiwa katika mahandaki chini ya mlima karibu na Nordhausen, na waliokifanyia kazi walikuwa wafungwa wa kambi ya Dora, ambao mwanzoni walilala humo humo mahandakini, katika vumbi na giza, kwa njaa na maradhi. Takriban watu 60,000 walipitia kambi hiyo na matawi yake, na kiasi cha 20,000 hawakutoka hai, idadi inayowazidi waliouawa na roketi zenyewe. Von Braun alifika kiwandani humo na kuona kwa macho yake. Yaliyoandikwa Marekani kumsifu katika miaka iliyofuata aghalabu yalikipita kipande hiki upesi.

Vita vilipokwisha, washindi waligawana urithi. Wamarekani walimchukua von Braun na wenzake zaidi ya mia moja, pamoja na vipande vya V-2 vilivyotosha kuunda roketi nyingi, wakazirusha huko White Sands, New Mexico, na mwezi Oktoba 1946 mojawapo ikaleta picha ya kwanza ya dunia iliyopigwa kutoka nje ya hewa. Warusi walikipata kiwanda na baadhi ya mafundi. Lakini mtu waliyemhitaji walikuwa naye tayari, na walikuwa wamekaribia kumwua.

Sergei Korolev, katika miaka ya 1930, alikuwa katika kikundi cha Moscow kilichofanya kazi katika chumba cha chini ya jumba, wenyewe wakijiita kwa mzaha wahandisi wafanyao kazi bure, na tarehe 17 Agosti 1933 wakarusha roketi iliyofika mita 400. Mwaka wa 1938 polisi wa Stalin walimkamata kwa tuhuma za uongo, akapigwa, akapelekwa machimbo ya dhahabu ya Kolyma, ambako kiseyeye kilimng'oa meno. Kisha akahamishiwa gereza la wahandisi, mahali ambapo wafungwa waliichorea dola ndege za vita, hata alipoachiliwa mwaka wa 1944. Baada ya vita dola ile ile ikampa fedha ambazo Tsiolkovsky hakupata kuziota, ili aunde roketi ya kulichukua bomu la haidrojeni mpaka Marekani. Roketi hiyo, R-7, ilifaulu tarehe 21 Agosti 1957. Korolev alikuwa amekwisha omba ruhusa ya kutumia moja kupandishia kitu kisichohusu vita, na tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule akapandisha Sputnik: tufe la madini lililong'arishwa, upana wa sentimita 58, uzito wa kilo 83.6, zaidi ya nusu yake ikiwa betri tu, lenye antena nne na sauti ya redio ambayo mtu yeyote mwenye chombo kizuri cha kunasia mawimbi aliweza kuisikia nyumbani kwake. Iliizunguka dunia kila dakika 96. Betri zikaisha baada ya wiki tatu, na mwanzoni mwa Januari 1958 ikarudi katika hewa na kuteketea. Jina la aliyeiunda lilifanywa siri, halikutajwa hadharani mpaka alipokufa mwezi Januari 1966.

Wamarekani walishtuka. Mwezi Desemba 1957 roketi yao ya Vanguard iliinuka kiasi cha mita moja mbele ya kamera za televisheni, ikarudi chini na kuwaka moto. Hapo wakamruhusu von Braun, na tarehe 31 Januari 1958 Explorer 1 ikapanda juu ya roketi iliyotokana moja kwa moja na V-2. Ndani yake James Van Allen alitia kifaa cha kupimia mionzi, na kwa kifaa hicho ikagunduliwa mikanda ya mionzi mikali inayoizingira dunia. Kwa upande wa Warusi, Yuri Gagarin, mwana wa seremala, akaizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961 katika safari ya dakika 108. Wakuu wake walificha kwa miaka mingi kwamba alitoka katika chombo na kushuka kwa mwavuli wake peke yake, kwa kuwa sheria za rekodi za urubani zilitaka rubani atue ndani ya chombo chake.

Pwani yetu nayo iliingia katika habari hizi. Mawimbi ya redio yatumikayo katika kazi hii huenda moja kwa moja wala hayapindi kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo chombo kinachopita juu huonekana na kituo kimoja kwa dakika chache tu, nao Wamarekani walihitaji mnyororo wa vituo kuizunguka dunia. Kimoja kiliwekwa kisiwani Unguja, baada ya kile cha Kano katika Nijeria, na John Glenn alipozunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962 alizungumza na waliokuwamo. Hapakuwa na roketi pale. Palikuwa na antena na mitambo ya redio. Hata hivyo watu wengi wa Unguja, na vyama vya siasa vilivyowasemea, waliamini kuwa ni ngome ya makombora, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondolewe, nacho kikaondolewa mwaka huo huo. Aliyeisoma tarehe niliyoieleza hapo juu, ambayo ndani yake kila roketi kubwa ilianza kuwa silaha, hawezi kuwalaumu kwa shaka yao.

Kenya mambo yalikwenda vingine. Mtaliana Luigi Broglio, mhandisi na ofisa wa jeshi la anga, alitafuta mahali karibu na mstari wa Istiwai, kwa sababu huko dunia hujizungusha kwa kasi kubwa kuliko kwingineko, na chombo kirushwacho kuelekea mashariki hupata bure mwendo wa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Akasimamisha majukwaa ya chuma yenye miguu baharini, kaskazini ya Malindi, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout.

Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa nyingine, ya Wamarekani, iliyoundwa chini ya Riccardo Giacconi ili kutafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei, miale ambayo hewa huizuia isifike ardhini. Ilipangiwa kupita juu ya Istiwai ili iepuke sehemu kubwa ya mionzi ile ya Van Allen, isije ikavichanganya vipimo vyake. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru, nayo ndiyo setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi hiyo peke yake. Mlipaji safari hii alitaka kujua nyota tu, ingawa injini mbili za chini za Scout asili yao ilikuwa makombora ya jeshi la Marekani. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale, kimoja kikiwa Cygnus X-1, ambacho vipimo vyake viliwafanya wanajimu wengi wakubali kwa mara ya kwanza kwamba mashimo meusi yapo kweli. Na Giacconi akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2002.